Kopo Moja Badala ya Manne

Mpaka leo nikishika pakiti ya biskuti dukani, kabla ya kuuliza bei naigeuza nyuma na kutafuta maandishi madogo. Natafuta namba mbili, ya kilojuli na ya kilokalori, ambazo zote zinasema jambo moja: chakula hiki kina nguvu kiasi gani. Nikizipata, naigawa ya kwanza kwa nne na kitu, kichwani, hapo hapo nimesimama, na watu nyuma yangu wanaanza kusonya. Binti zangu wanaona haya kuandamana nami sokoni. "Maman, umeanza tena," wananiambia. Ndiyo, nimeanza tena. Sijaacha tangu nilipokuwa na miaka ishirini, wakati nchi yetu ikiitwa Zaïre, nilipokosa kufanya hesabu hiyo moja katika kituo cha lishe pale Bukavu.

Nilikuwa nimemaliza shule, sehemu ya sayansi. Diploma yangu ilikaa ndani ya bahasha, na chuo kilikuwa hakijanijibu. Nilikuwa mtu wa haraka. Nilikula nimesimama, nilishuka mlima wa Kadutu mbio hata pasipokuwa na kinachonikimbiza, na mama yangu alipenda kuwaambia wageni kwamba nilizaliwa kabla mkunga hajavua viatu. Kukaa nyumbani nikingoja barua kulikuwa kunaniumiza mwili mzima. Kwa hiyo niliposikia kwamba kituo kinatafuta mtu anayejua hesabu, nilifika pale asubuhi ile ile, jasho linanitoka, nikiwa nimeishika bahasha yangu.

Kituo kiliongozwa na mtawa mmoja Mzungu, mzee kidogo, ambaye sote tulimwita masera. Watoto walioletwa pale walikuwa wagonjwa wa bwaki. Asiyeijua bwaki nimweleze: mtoto anakosa chakula chenye nguvu kwa muda mrefu, miguu na uso vinavimba maji, nywele zinageuka nyekundu, kisha anakaa tu. Halii, hachezi, hataki kitu. Mama zao waliwaleta mgongoni kutoka Walungu na vijiji vya pembeni, wakalala nao kwenye mikeka wiki kadhaa. Dawa yenyewe ilikuwa maziwa ya unga, yaliyokorogwa na sukari na mafuta. Ukutani masera alikuwa amebandika karatasi yake: uzito wa mtoto, kalori (ndivyo tulivyofupisha kilokalori) anazohitaji kwa siku, na makopo ya unga wa maziwa kwa kila bidoo, chombo cha kukorogea. Kazi yangu ilikuwa kupima, kusoma karatasi, na kumwambia maman wa jikoni atie makopo mangapi.

Masera alinifundisha mambo matatu. La kwanza, uzito ukishuka siku za mwanzo usiogope, ni maji ya uvimbe yanatoka, na hiyo ni furaha. La pili, mtoto wa bwaki akianza kulia, mshukuru Mungu, maana anarudi duniani. La tatu, hakuna chakula cha nje. Kabla yangu mama mmoja alikuwa amemlisha mwanawe maharagwe kwa siri, na tumbo la mtoto likashindwa. Mambo hayo matatu yalikuwa ya kweli, na bado ni ya kweli. Ubaya ulikuwa jinsi nilivyoyatumia.

Miezi mitatu baadaye masera alikwenda likizo kwao Ulaya, akaniachia ufunguo wa depo, ghala la maziwa. Alisema mwezi mmoja tu. Siku ya pili nilianza kuhesabu mifuko ya maziwa, na kila nilipohesabu niliiona inapungua. Nilikwenda kuihesabu asubuhi, mchana na jioni, nikijua kabisa kwamba hakuna aliyeingia kati. Barabara zilikuwa mbovu, mvua ilikuwa kubwa, na lori lililoahidiwa halikuonekana. Niliwaza kwamba watoto kumi na wawili watafia mikononi mwangu kwa kukosa maziwa, na masera atarudi akute mikeka mitupu.

Lori lilipofika nilikaribia kumkumbatia dereva. Mifuko ilikuwa mipya, si ile tuliyoizoea. Maandishi yake hayakuwa ya Kifaransa. Ilikuwa lugha ya Ulaya nisiyoijua, yenye maneno marefu. Lakini namba ni namba. Mifuko ya zamani ilisema mia tatu na sitini kwa kila gramu mia. Mifuko mipya ilisema elfu moja na mia tano. Nyuma ya namba hiyo palikuwa na herufi mbili ndogo. Niliziona. Nataka niliseme wazi, kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba sikuziona. Niliziona, nikadhani ni alama ya kiwanda, nikaruka.

Juli nilikuwa naijua, na vizuri sana. Ila shuleni kalori ilikaa katika sura ya joto, pamoja na maji yanayochemka na chakula, na juli ikakaa katika sura ya mashine, pamoja na kapi, springi na mawe yanayoanguka kutoka mnarani. Tulizigeuza moja kuwa nyingine kwa ajili ya mtihani tu. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna nchi ambako watu wanapima maziwa kwa juli. Na katika nyumba ile ya masera kila kitu kilikuwa kalori. Kwa hiyo niliona elfu moja na mia tano, nikasoma kalori, nikasema haya ni maziwa makali, yamezidi ya zamani mara nne. Nikachukua kalamu nikagawa. Pale penye makopo manne nikaandika kopo moja.

Furaha niliyokuwa nayo siku ile inanitia aibu kuliko yote. Shehena ya mwezi mmoja ingekaa miezi minne! Nilitembea uani nikiimba. Maman wa jikoni, mwanamke mnene mwenye subira ambaye alikuwa ameyakoroga maziwa yale tangu nikiwa shule ya msingi, alitia kopo lake moja kwenye bidoo, akakoroga, akainua mwiko akaangalia maziwa yanavyodondoka.

"Mutoto yangu," akaniita, "maziwa hii iko maji tu."

"Nguvu haionekane na macho, maman. Iko imeandikwa ku mufuko."

Akauangalia mfuko, akaniangalia mimi. "Basi, weye njo ulisoma," akasema, akaendelea kukoroga.

Zikapita siku. Nilipima watoto, uzito ukashuka, nikaandika kwenye daftari: maji yanatoka. Watoto wakaanza kulia, kwanza wawili, kisha nusu yao, kisha kituo kizima, nami nikapita katikati yao nimefurahi, nikawaambia mama zao washukuru. Walikuwa wanalia njaa. Walimaliza vikombe vyao wakavilamba, wakatazama mlango wa jikoni. Nilikuwa nimefundishwa kusikia afya ndani ya kilio, nikaisikia.

Mama mmoja tu ndiye aliyekataa kushukuru. Alitoka upande wa Walungu, mwembamba, mwenye maneno machache, na mtoto wake alikuwa msichana wa miaka miwili hivi. Mtoto huyo alikuwa na kamba nyembamba ya nyuzi za mgomba imefungwa juu ya kiwiko. Mama alisema kwao ndivyo wanavyofanya. Mtoto anafungiwa kamba, na kila ikimbana mama anaikata na kufunga nyingine ndefu zaidi, kwa hiyo anajua mtoto anakua. Mzani hawana, kamba wanazo. Masera hakupenda kamba zile kwa sababu ya uchafu, ila hii aliiacha.

Siku ya tano au ya sita mama huyo alinisimamisha.

"Citoyenne, kamba yake inalegea."

Enzi hizo ilikatazwa kuitwa mademoiselle au madame. Sote tulikuwa citoyen na citoyenne. Kinywani mwake neno hilo lilikuwa baridi.

"Ni maji inatoka, maman. Ni muzuri."

"Maji ilikuwa mu miguu na mu uso. Ku mukono hapakuwaka maji." Akaingiza kidole chake kati ya kamba na ngozi, kisha akaingiza cha pili. "Hii iko nyama yake njo inaenda."

Mtu mwenye akili angekaa chini akafikiri. Mimi nilikasirika. Nilimwambia kwamba nimesoma miaka kumi na miwili na sitafundishwa na kamba ya mgomba. Nikaondoka haraka, kama kawaida yangu, ila vidole vyake viwili chini ya ile kamba vikabaki machoni pangu siku nzima.

Kesho yake, nikipita na daftari, nikasikia harufu ya ndagala, wale samaki wadogo wakavu. Niliifuata mpaka kwenye mkeka wake. Katika fundo la kitenge chake alikuwa na kifuko cha jani la mgomba, na ndani yake ndagala waliopondwa wakawa unga laini. Alikuwa akichovya kidole, anatia unga kidogo ndani ya maziwa ya mtoto. Nilimnyang'anya mbele ya wenzake wote. "Unataka kuua mutoto yako?" nikamuuliza, sauti juu. Alikuwa bado amekishika upande mmoja, akafungua vidole polepole, kimoja kimoja, akakiachilia. Nikakitia mfukoni mwa bluzi yangu ya kazi, nikaenda zangu.

Jumamosi ilikuwa salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, na wafanyakazi wa kituo tulilima majani kando ya barabara tangu alfajiri. Niliporudi na jembe begani nikasikia kitu kimepungua uani. Yule mtoto wa Walungu alikuwa halii tena. Alikuwa amelala juu ya mapaja ya mama yake, macho wazi, haangalii kitu. Mama aliniona nikija. Alininyooshea kiganja chake tu. Kamba ilikuwa humo, fundo lake halijafunguliwa. Ilikuwa imetoka yenyewe, ikapita juu ya kiwiko na kidole gumba, ikaanguka.

Hapo ndipo nilipoogopa. Niliuweka mzani juu ya meza nikaujaribu kwa kilo ya chumvi, ulikuwa sawa. Nilionja maji ya kuchemshia. Nilisoma karatasi ya masera mstari kwa mstari, nikanusa unga, nikahesabu upya mpaka namba zikaacha kuwa na maana. Nilizunguka uani sijui mara ngapi. Maman wa jikoni aliniambia nikae, nikashindwa. Kila nilipopita mbele ya mtoto nilitazama kifua chake kama kinapanda.

Jumapili nilikwenda misa, nimebanwa katikati ya benchi. Miguu yangu haikutulia. Padri alipoanza mahubiri nikasimama, nikawakanyaga watu nikatoka, na mama yangu akaangalia chini kwa haya. Nyumbani nilivuta sanduku la bati chini ya kitanda. Nilitaka kuona kama kuna jambo lolote la kalori nililolisahau. Daftari la fizikia lilikuwa chini kabisa. Nikafungua ukurasa, nikakuta mwandiko wangu mwenyewe, mzuri, umepigiwa mstari mwekundu kwa rula: kalori moja ni juli nne nukta kumi na nane. Na kando ya neno juli, ndani ya duara, herufi yake: J.

Nililiacha daftari sakafuni. Kulikuwa kumenyesha, na njia ya kituo ilikuwa udongo mwekundu unaoteleza. Nilianguka mara mbili, sandali moja ikabaki kwenye tope, sikuirudia. Nilifungua depo nikiwa na mguu mmoja peku. Mfuko ulikuwa pale pale ulipokuwa siku zote: elfu moja na mia tano, na nyuma yake k na J. Kilojuli. Niligawa kwa nne nukta kumi na nane, kwa kidole, kwenye vumbi la mlango. Nikapata mia tatu hamsini na nane na kitu.

Yalikuwa maziwa yale yale. Hayakuwa makali wala mapya. Kuna mtu Ulaya aliyekuwa ameyapima kwa kipimo kidogo zaidi, kwa hiyo namba ikatoka kubwa, kama vile barabara moja ukiihesabu kwa hatua za mtoto badala ya za mtu mzima. Nami kwa siku kumi na moja nilikuwa nimewapa watoto wale robo ya maziwa yao, na wakilia nikafurahi.

Nilimkuta maman wa jikoni anawasha moto.

"Makopo ine," nikamwambia. "Ilikuwa makopo ine siku zote. Ni miye nilikosa."

Alikuwa na haki ya kunitukana. Alichukua lile kopo akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, ine, akayatia kwenye bidoo. "Kimbia uite wale bengine," akasema. "Lakini yule wa Walungu usimupe yote. Anaweza kufa na shibe."

Hilo nililijua pia, lilikuwa kwenye karatasi. Mwili uliozoea njaa hauwezi kulipwa siku moja. Mtoto yule alipaswa kupewa kijiko, na kungoja, na kijiko, na kungoja. Mimi ambaye sikuweza kukaa dakika tano nilikaa siku tatu kwenye mkeka wa mama yule, saa mkononi, nikipeana naye zamu ya kijiko. Miguu yangu ilitaka kukimbia na hapakuwa na pa kukimbilia. Kijiko kikirudi kimejaa, moyo ulinishuka. Kikirudi kitupu, niliangalia saa na kuanza kuogopa kinachofuata. Katika kungoja huko mama yule alizungumza kidogo. Ndipo nikajua kwamba wale ndagala aliwanunua Nyawera, na kwamba ili awanunue aliuza kitenge chake cha pili pale pale sokoni. Alikuwa amebaki na kile alichokivaa.

Siku ya nne mtoto alilia. Kilikuwa kilio kidogo, kibovu, cha hasira, nami nikalia pamoja naye bila kujificha.

Nilipaswa kumwambia mama yake. Nilijiandaa asubuhi nzima, kisha nikaanza vibaya kabisa, nikaanza na juli. Nilimweleza kwamba nguvu ina vipimo viwili, kwamba kipimo kimoja kinaingia ndani ya kingine mara nne na kidogo, kwamba mfuko uliandikwa hivi na karatasi hivi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Niambie na kopo," akasema.

"Nilipashwa kutia ine. Nilitia moja."

"Siku ngapi?"

"Kumi na moja."

Akaushika mkono wa mtoto wake, pale kamba ilipokuwa, akauzungusha kwa vidole kama anaupima upya. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Wenzake walifanya hivyo kwa niaba yake, maana niliwaambia wote siku ile ile, nikisimama katikati ya ua. Mmoja alinitemea mate miguuni. Mwingine alikunja mkeka wake aondoke, maman wa jikoni akamshika mkono akamrudisha. Niliandika yote katika daftari la masera, kwa wino, mahali ambapo angeyaona kwanza. Aliporudi aliyasoma, akanipa kalamu nyekundu, akanituma depo niandike kalori juu ya kila mfuko, mmoja baada ya mwingine.

Hakufa mtoto hata mmoja. Watu nikiwaambia hivyo husema Mungu asifiwe, nami nasema asifiwe. Lakini sikuwaokoa mimi. Wengine, nilikuja kujua, walikuwa na vifuko vyao ambavyo sikuvigundua.

Wiki nne baadaye mama wa Walungu alifunga mizigo yake. Mtoto alikuwa anatembea, anaanguka, anasimama tena, na juu ya kiwiko chake palikuwa na kamba mpya. Niliwasindikiza mpaka getini. Alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza kitenge, kile kimoja alichokuwa nacho, kisha akanigeukia.

"Citoyenne. Ile ndagala yangu, uliiweka wapi?"

Ningeweza kumwambia niliitupa. Sheria ilisema itupwe. Nilikuwa nimekwisha kuungama mbele ya ua mzima, na mbele ya masera, na mbele ya padri, na mara zote tatu kifuko kile nilikiruka, kama nilivyoziruka herufi mbili.

"Niliikula," nikamwambia. "Ile siku ile ile, saa sita, na bugali."

Aliniangalia. Mtoto mgongoni mwake alikuwa anachezea nywele zake.

"Chumvi ilitosha?"

"Ilitosha, maman."

"Nilisema pengine iko kidogo," akasema. "Sikutiaka mingi, sababu ilikuwa ya mutoto." Akageuka, akaanza kushuka kuelekea Nyawera kutafuta gari la kwao.